Kompyuta ikisema makundi ni matano, muulizeni aliyeiambia itafute matano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ni ndefu ila hii kitu nimeivumilia muda mrefu mpaka nimeshindwa. Kila baada ya muda nasoma habari ya aina ile ile, kichwa kikubwa kabisa, kompyuta yagundua wagonjwa wa ugonjwa fulani wako wa aina nne, mara wanafunzi wako wa aina tano, mara watu wanaokosa usingizi wamegawanyika makundi sita, na kila kundi limeshapewa jina lake na tabia zake utadhani yalikuwepo toka dunia inaumbwa. Nasoma mpaka mstari wa mwisho natafuta sentensi moja tu ya kuniambia hao watu walipimwa nini, na kwanini makundi yakawa matano na sio manne wala saba. Haipo.

Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, nashinda na data kutwa nzima, na uchambuzi wa makundi (sisi kwa sisi tunaita tu klasta) ndo sehemu naipenda kuliko zote kwenye kazi hii, kwahiyo siandiki kuiponda, naandika kwa sababu inaniuma kuona kitu kizuri kinaelezwa nusu alafu watu wanakuja kukichukia siku kikiwaangusha.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana nayo, fikiria jedwali. Kila mstari ni mtu mmoja na kila kolamu ni kipimo kimoja, umri, urefu, uzito, presha, sukari, saa za kulala na kuendelea. Ukiwa na kolamu mbili tu unachora nukta kwenye karatasi na jicho lenyewe linakuonyesha wapi zimerundikana. Kolamu tatu unaanza kuhangaika. Zikifika ishirini jicho limekwisha kazi, na hapo ndo hizi njia zinapoingia, zinatafuta nani anafanana na nani ukiangalia vipimo vyote kwa pamoja. Na usidhani kompyuta inajaribu kila mgawanyo uliopo alafu inachagua ulio bora, haiwezi, vitu kumi tu vinaweza kugawanywa kwenye makundi kwa namna 115,975 tofauti, sasa fikiria watu elfu moja. Kwahiyo zote zinapita njia ya mkato, na njia ya mkato kila moja ina tabia yake. Sio jambo la jana wala juzi pia, Driver na Kroeber walifanya hivi kwenye anthropolojia mwaka 1932, na mwanasaikolojia Robert Tryon akaiandikia kitabu mwaka 1939, kipindi hicho kompyuta hakuna, hesabu zote za mkono.

Sasa njia karibu zote zinaanza na swali moja, nani yuko karibu na nani. Umbali wenyewe mara nyingi ni ile kanuni ya Pythagoras ya shuleni, unachukua tofauti ya kila kipimo unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha zote, unatafuta kipeuo cha pili, basi. Inaonekana haina ujanja ujanja wowote. Naomba msomaji achukue kalamu afanye na mimi hesabu hii moja, maana ukiielewa hii umeelewa nusu ya malalamiko yangu.

Watu watatu. Wa kwanza ana mita 1.60 na kilo 60. Wa pili ana mita 1.85 na kilo 61. Wa tatu ana mita 1.62 na kilo 66. Unataka kujua wa kwanza apangwe na nani. Ukipiga hesabu kwa mita, umbali wa kwanza na wa pili ni kama 1.03, na wa kwanza na wa tatu ni 6.00, kwahiyo anaenda na yule wa pili, yani yule aliyemzidi robo mita nzima, kwa sababu kwa kompyuta robo mita ni 0.25 tu na haina nguvu yoyote mbele ya zile kilo sita. Haya sasa andika urefu ule ule kwa sentimita, 160, 185 na 162. Kilo usiziguse. Umbali wa kwanza na wa pili unaruka mpaka 25.02, wa kwanza na wa tatu ni 6.32. Mtu kahama kundi! Hakuna aliyerefuka, hakuna aliyepungua, kilichobadilika ni rula tu. Na kesho yake hilo kundi litapewa jina, litaandikwa gazetini, mtu atajisoma humo ajione ni wa aina fulani.

Dawa inayotumika sana ni kusawazisha vipimo kwanza, kila thamani unaitoa wastani wa kolamu yake alafu unagawa kwa mkengeuko sanifu, ile namba inayoonyesha data imetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani, ili kila kolamu iwe na sauti sawa na mwenzake. Lakini hapo tena kuna anayeamua, maana ukisema kila kipimo kiwe na sauti sawa umeshatoa maoni yako kuhusu dunia, umesema urefu wa kidole gumba una umuhimu sawa na presha ya damu. Alafu ukiweka kolamu tatu zinazosema kitu kile kile, urefu wa mtu, urefu wa mguu, urefu wa mkono, urefu umepiga kura mara tatu na uzito mara moja. Hili mwanatakwimu Mahalanobis wa India alilionea mbali, umbali wake wa mwaka 1936 unazingatia vipimo vinavyokwenda pamoja. Kuna na kosa lingine nakutana nalo karibu kila mwezi, la namba ambazo sio namba. Mtu anaandika kundi la damu A ni 1, B ni 2, AB ni 3, O ni 4, ili kompyuta iweze kusoma, alafu anaingiza kwenye hesabu ya umbali, na kompyuta inaamini kabisa kwamba O iko mbali na A mara tatu kuliko B ilivyo mbali na A. Mwanatakwimu Gower alishatoa njia ya kupima ufanano wa data mchanganyiko mwaka 1971. Miaka yote hiyo na bado watu wanafanya 1, 2, 3, 4.

Nina sababu ya kuandika kwa uchungu namna hii. Nilipoanza kazi, nilikuwa kwenye taasisi moja inayoshughulika na kumbukumbu za wagonjwa, nikapewa jedwali la watu 1,200 hivi na vipimo vinane, nikaambiwa tafuta makundi, tunataka manne. Nikatafuta, nikapata. Matatu yalikuwa ya kawaida tu ila la nne lilikuwa dogo, watu 41, limejitenga kabisa mbali na wenzake kwenye grafu, zuri la kuvutia. Wakubwa wakalipenda hilo. Likaitwa kundi la hatari, likatengenezewa ukurasa wake wa rangi, likapelekwa kwenye vikao. Siku moja napita ofisi ya kuingizia data, mama aliyekuwa anajaza yale majedwali kwa miaka akaona karatasi mkononi kwangu akaniambia, mwanangu hebu nione hizo namba za faili. Akaangalia tano sita hivi. Akasema, hawa si ndo wale wasiojua mwaka waliozaliwa, mimi huwa nawaandikia 999.

Nilirudi mezani nikafungua kolamu ya umri. Watu 41, wote 999.

Na mbaya zaidi, nilikuwa nimesawazisha, nilifuata kanuni kama nilivyofundishwa. Zile 999 zilivuta mkengeuko sanifu wa umri ukafika kama 174, kwahiyo umri wa watu wengine wote ukabanwa pamoja, mtoto wa miaka 5 na mzee wa miaka 80 wakawa wanatofautiana kwa chini ya nusu ya mkengeuko sanifu mmoja, kama watoto wa rika moja. Maana yake hata yale makundi matatu ya kawaida yalikuwa yametengenezwa bila umri, wakati umri ndo jambo la kwanza daktari analouliza. Nilipeleka taarifa juu. Nikaambiwa ripoti imeshatoka, tusiwachanganye watu. Sikulisahau jibu lile, na nilipaswa kulipigania zaidi ya nilivyolipigania. Yule mama hakuwahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja, na alijua data ile kuliko sisi wote tuliokuwa tunaichora.

Turudi kwenye njia zenyewe. Inayotumika sana ni ya wastani wa k, na k hapo ni idadi ya makundi unayoitaka wewe. Wewe, sio data. Unaanza na vitovu k (nukta za kuwa katikati ya kila kundi) popote pale, kila mtu anaenda kwenye kitovu kilicho karibu naye, kila kitovu kinahamia kwenye wastani wa watu wake, watu wanapangwa upya, vitovu vinahama tena, mpaka pasiwe na anayehama. Steinhaus aliandika wazo hili mwaka 1956, Stuart Lloyd wa maabara za Bell Labs alikuwa nayo mwaka 1957 ila ikachapishwa rasmi mwaka 1982, na jina lake likatoka kwa MacQueen mwaka 1967. Ni njia ya haraka, na rahisi kiasi kwamba mtoto wa sekondari anaweza kuifanya kwenye daftari, na mimi naiheshimu sana. Lakini ipe namba 1 mpaka 9, zimepangana kwa nafasi sawa kabisa kama ngazi, iambie itafute makundi matatu. Itakupa 1 2 3, alafu 4 5 6, alafu 7 8 9, na vitovu 2, 5 na 8. Vimepangika vizuri mno. Hakuna kundi hata moja pale! Hakuna pengo kati ya 3 na 4 lililo kubwa kuliko pengo kati ya 2 na 3. Uliomba matatu umepewa matatu, ungeomba manne ungepewa manne, haijui kusema hapana.

Na kuna la pili ambalo watu wengi hawalijui, mahali unapoanzia panaweza kukufunga. Chora nukta nne kwenye pembe za mstatili wenye upana 6 na kimo 2, mbili kushoto, mbili kulia. Kila mtu anaona makundi mawili, la kushoto na la kulia. Sasa anza na vitovu kwenye zile nukta mbili za kushoto, moja juu moja chini. Nukta ya chini kulia iko karibu na kitovu cha chini, ya juu kulia iko karibu na kitovu cha juu, vitovu vinahamia katikati, juu na chini, na hapo hesabu inasimama, hakuna anayehama tena. Kompyuta imemaliza, inakuletea makundi mawili, la juu na la chini. Jumla ya umbali uliozidishwa kwa wenyewe ni 36, wakati mgawanyo wa kushoto na kulia ungekuwa na 4 tu. Ndo maana mchambuzi mwangalifu anaanzisha mara nyingi kutoka sehemu tofauti tofauti na kuchukua jibu lenye jumla ndogo, na mwaka 2007 Arthur na Vassilvitskii wakatoa namna bora ya kuchagua vitovu vya kuanzia, vikae mbali mbali. Ila mtu akiendesha mara moja tu akafunga kompyuta, wewe msomaji utajuaje?

Njia ya ngazi yenyewe haikuulizi k mwanzoni. Inaanza kila mtu peke yake, inaunganisha wawili walio karibu zaidi, alafu wanaofuata, mpaka wote wanakuwa kitu kimoja, na inachora dendrogramu, mti uliopinduliwa unaoonyesha nani aliungana na nani kwenye umbali gani. Naupenda ule mti kwa sababu hauna siri, unaona mwenyewe wapi matawi ni marefu na wapi yamelazimishwa. Ila napo utaamua umbali kati ya kundi na kundi unapimwaje. Ukipima kwa wale wawili walio karibu zaidi, makundi yanaungana kama mnyororo, mtu A anafanana na B, B na C, C na D, mpaka unakuta A na Z wako kundi moja na hawafanani kwa lolote. Ukipima kwa wale wawili walio mbali zaidi unapata makundi yaliyoshikamana. Njia ya Ward ya mwaka 1963 inaunganisha yale ambayo yakiungana mtawanyiko wa ndani unaongezeka kidogo zaidi, nayo inapenda makundi ya mviringo yenye ukubwa wa kukaribiana, hata kama ukweli sio hivyo. Data moja, njia tatu, miti mitatu. DBSCAN ya mwaka 1996 angalau ina uungwana wa kusema mtu huyu hana kundi, inatafuta sehemu zenye msongamano na waliobaki kando inawaacha kando, lakini nayo inabidi uiambie msongamano maana yake nini. Na mwanasayansi wa kompyuta Jon Kleinberg mwaka 2002 alithibitisha kwa hesabu kwamba kuna masharti matatu ya kawaida kabisa, ambayo yeyote angetaka njia ya makundi iyatimize, na hakuna njia inayoweza kuyatimiza yote matatu kwa pamoja. Moja ya masharti hayo ni kwamba ukibadilisha kipimo chote kwa pamoja makundi yasibadilike. Kwahiyo sio suala la kusubiri programu bora zaidi itoke, kuchagua kupo na kutaendelea kuwepo.

Najua kuna mtaalamu atasoma hapa aseme mbona kuna vipimo vya kujua k sahihi. Vipo na ninavitumia kila siku. Silueti ya Rousseeuw ya mwaka 1987 kwa mfano, kwa kila mtu unaangalia wastani wa umbali wake na watu wa kundi lake, unalinganisha na wastani wa umbali wake na kundi jirani, unapata namba kati ya hasi 1 na 1, ikikaribia 1 amekaa pake, ikiwa hasi labda amekosea nyumba. Ni kipimo kizuri. Lakini chukua yale maua ya iris ambayo kila mwanafunzi wa takwimu anayajua, data ambayo Edgar Anderson aliikusanya na Fisher akaitumia mwaka 1936, maua 150, spishi tatu, hamsini hamsini, vipimo vinne kwa kila ua. Hapa jibu tunalijua, ni tatu. Silueti inasema mbili. Kwa sababu spishi moja, setosa, imejitenga peke yake kabisa, na zile mbili, versicolor na virginica, zimeingiliana. Ukiilazimisha njia ya wastani wa k kwa makundi matatu inakosea maua 16 kati ya 150, sio vibaya, na ukisawazisha vipimo kwanza, ile ile dawa niliyoitaja hapo juu, makosa yanaongezeka badala ya kupungua, maana vipimo vya petali (majani ya ndani ya ua) vinavyotenganisha spishi vinapunguzwa sauti na upana wa sepali (majani ya nje) usiosaidia sana unapandishwa. Mimi hii mifano naitumia kufundisha vijana wanaoanza, na kila mwaka kuna mmoja anakasirika kabisa, anataka aambiwe kanuni moja. Namwelewa.

Sasa kundi linakuwa la kweli lini? Kwangu mimi ni pale kitu cha nje, ambacho hakikuingizwa kwenye hesabu, kinapokuja kulithibitisha. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko angani. Milipuko ya miale ya gama, mwanga mkali unaotoka mbali sana kwenye ulimwengu. Mwaka 1993 Kouveliotou na wenzake waliangalia muda wa milipuko hii wakaona iko ya aina mbili, mifupi ya chini ya sekunde 2 na mirefu ya zaidi ya hapo. Makundi mawili, kwa wakati ule ni namba tu. Alafu taratibu ikaja kuonekana mirefu inaendana na nyota kubwa zinazoporomoka, na tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano yakanaswa kutoka kwenye nyota mbili za nutroni zikigongana, na sekunde mbili hivi baadaye ukaonekana mlipuko mfupi wa gama kutoka upande ule ule wa anga. Miaka 24! Vyombo tofauti, fizikia tofauti, jibu moja. Huko huko kuna waliochambua data ile wakaona kundi la tatu, la milipuko ya muda wa kati, na mpaka leo wanabishana kama ni kitu kweli au ni hesabu tu. Na mwaka 2021 ukatokea mlipuko mrefu, karibu dakika nzima, wenye dalili za kugongana kwa nyota, yani hata ile sekunde 2 ni mstari wa penseli, sio ukuta. Hivi ndivyo ningetamani habari za makundi ziandikwe, hili limethibitika, hili bado, huu mpaka una matundu.

Kwenye afya mfano mzuri ni kisukari. Mwaka 2018 Emma Ahlqvist, Leif Groop na wenzao walipanga watu wazima 8,980 wa Sweden waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari, kwa vipimo sita, wakapata makundi matano, wakayarudia kwa wagonjwa wengine wa Sweden na Finland. Waliandika kila kitu, vipimo gani, njia gani, wanawake na wanaume walichambuliwa mbali mbali. Na makundi yalitofautiana kwa kitu ambacho hakikuingizwa kwenye hesabu, kundi moja lilikuwa na hatari kubwa zaidi ya figo, lingine ya macho. Habari ikazunguka dunia nzima kwamba kisukari ni magonjwa matano. Mwaka uliofuata Dennis na wenzake wakaonyesha kwamba ukitaka kukadiria mgonjwa huyu atakuwaje mbele, vipimo vya kawaida kama umri wa kugundulika, uzito kwa urefu na utendaji wa figo, ukivitumia moja kwa moja kama namba, vinafanya kazi sawa au vizuri zaidi kuliko kumwambia tu wewe ni kundi la tatu. Hiyo ya pili ilizunguka dunia? Mimi sikuiona kwenye gazeti lolote la kawaida, na hainishangazi, maana haina kichwa cha habari kinachovutia. Lakini kwa mgonjwa ndo yenye maana zaidi. Mtu aliyekaa kwenye mpaka wa makundi mawili, akiambiwa yuko la tatu anapoteza kile kipande chake kilichoko la pili, na wagonjwa wa mpakani ni wengi kuliko grafu ya rangi inavyoonyesha, rangi inaishia ghafla, watu hawaishii ghafla.

Ndo maana nakuomba Mhariri, na sio wewe tu, na waandishi wako wanaopokea hizi taarifa zikiwa zimeshapambwa. Habari ya makundi ikija mezani ulizeni walipima vitu gani na vipi viliachwa, walisawazisha au hawakusawazisha, idadi ya makundi aliichagua nani na kwa kigezo gani, wakianza upya na vitovu vingine au wakitoa nusu ya watu makundi yanabaki yale yale au yanavunjika, na kuna kitu gani cha nje kinachotofautisha makundi hayo mbali na vile vile vipimo vilivyoyatengeneza. Hilo la mwisho msilisahau, nasoma mara nyingi mtu anapanga watu kwa umri na uzito alafu anaandika kwa mshangao kwamba makundi yanatofautiana umri na uzito. Majibu yake yanaingia kwenye aya moja. Wakikosa majibu, andikeni kwamba hawakuwa nayo, hiyo nayo ni habari.

Na kama kuna picha moja tu ya kuchapisha, chapisheni ile ya nukta zote kabla hazijapakwa rangi, msomaji azione zilivyo, alafu ndo muweke ile yenye rangi pembeni yake. Nimewahi kuwapa watu picha hizo mbili kwa mpangilio huo na wengi walipoiona ya kwanza hawakuweza kunionyesha mpaka uko wapi, walipoiona ya pili wakashangaa ilikuwaje hawakuuona.

Alafu waulizeni na kitu kimoja kidogo ambacho hakuna atakayewaambia msipouliza: pale mtu aliposhindwa kujibu, kwenye kolamu ya umri aliandikiwa nini, na nani aliyeandika.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mchambuzi wa data